Mipira ya Petroli Iliyozeeka: Hatari Katika Kombi ya Kulala

Wako watu wengi katika Kenya wanaoikumbuka vema motokaa ya Kijerumani iitwayo Volkswagen Kombi. Ilianza kutengenezwa katika mji wa Wolfsburg mwaka 1950, na mwaka 1956 kazi hiyo ilihamishiwa mji wa Hannover. Katika miaka ya 1960 na 1970 Kombi zenye paa la kufunguka ziliwachukua watalii kwenda kuwatazama wanyama katika mbuga zetu. Nyingine ziligeuzwa kuwa nyumba ndogo zenye magurudumu: kitanda nyuma, jiko kando, mapazia madirishani, na mahali pa kuweka maji na vyakula. Kampuni ya Westfalia, ya huko huko Ujerumani, ilianza kazi ya kuzigeuza hivyo mwaka 1951.

Motokaa hizi bado zapendwa, na ziko zinazotembea hata leo. Lakini yafaa tukumbuke umri wake. Zile za umbo la pili zilitengenezwa Ujerumani tangu mwaka 1967 hadi mwaka 1979. Basi hata iliyo changa kabisa katika hizo imepita miaka 40, na mtu wa umri huo ana watoto wa kwenda shule.

Mwenye kununua Kombi ya zamani huanza na mambo yanayoonekana. Huipaka rangi mpya, hushona viti, hununua magurudumu. Hayo yote ni mema. Lakini iko mipira michache, isiyozidi unene wa kidole, inayopitisha petroli kutoka katika tangi hata kwenye injini. Mipira hiyo haionekani na mpita njia, wala haisifiwi na mtu. Nayo ndiyo iwezayo kuiteketeza motokaa nzima pamoja na waliolala ndani yake. Habari ya mipira hiyo ndiyo tutakayoieleza leo.

MFANO WA SAFARI MOJA

Tuseme mzee mmoja amestaafu kazi, naye amenunua Kombi ya kulala. Ameipaka rangi nyeupe na buluu, kisha amewachukua mkewe na wajukuu wawili kwenda Mombasa. Wanapopita Emali mkewe anamwambia, "Baba Kamau, mimi nasikia harufu ya petroli." Mzee anajibu, "Gari kuukuu halikosi harufu, Mama Kamau. Fungua dirisha." Dirisha linafunguliwa, na maneno yanakwisha.

Jioni wanafika Mtito Andei. Mzee anajaza tangi ili asichelewe asubuhi, wanaegesha motokaa mahali salama, madirisha yanafungwa kwa sababu ya mbu, nao wanalala. Usiku kucha tone moja moja la petroli linadondoka chini ya kitanda, katika chumba cha injini. Alfajiri Mama Kamau anaamka kabla ya wenzake apate kuchemsha chai. Mkono mmoja unashika birika, na wa pili unatafuta kiberiti.

Hadithi hii ni mfano tu, lakini hakuna jambo ndani yake lisiloweza kutokea. Tumwache Mama Kamau kwa muda, kiberiti kikiwa bado hakijawashwa, tueleze jinsi mambo yalivyofika hapo.

PETROLI SI MAFUTA YA TAA

Wengi wetu tumezoea mafuta ya taa tangu utoto, na kwa sababu hiyo twadhani kwamba petroli ni ndugu yake. Ni kweli kwamba yote mawili hutoka katika mafuta yachimbwayo ardhini, lakini tabia zao ni mbali mbali. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto la nyuzi 38 hivi za Selsiasi, au zaidi. Petroli hutoa mvuke wa namna hiyo hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba hakuna mahali katika Kenya, si pwani wala kileleni mwa Mlima Kenya, ambapo petroli iliyo wazi haitoi mvuke wa kuwaka.

Jambo la pili ni kwamba mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara 3 au 4. Haupandi juu kama moshi. Hutambaa chini kama ukungu wa bondeni, nao hujikusanya penye shimo, chini ya kitanda, na katika chumba cha injini. Hauonekani kwa macho. Tena hauhitaji kuwa mwingi: hewa ikiwa na mvuke wa petroli sehemu 2 tu katika 100, mchanganyiko huo tayari waweza kuwaka kwa cheche moja.

Katika Kombi cheche si haba. Ziko katika distributa, chombo kigawacho umeme kwa plagi. Ziko katika dinamo au altaneta, nazo zaweza kutoka kwenye betri, ambayo katika Kombi nyingi hukaa mumo humo katika chumba cha injini. Mabomba ya moshi nayo huwa moto mno. Na katika Kombi ya kulala mna jambo ambalo motokaa ya kawaida haina: jiko, taa, na pengine friji iendeshwayo kwa mwali mdogo wa gesi uwakao usiku wote. Motokaa nyingine ikivuja, wenyewe wamekwisha kushuka na kwenda zao. Hii ikivuja, wenyewe wamelala ndani.

NJIA YA PETROLI KATIKA KOMBI

Injini ya Kombi iko nyuma, nayo hupozwa kwa upepo wa feni, si kwa maji. Tangi la petroli liko nyuma vile vile, mbele kidogo ya injini, nalo limetengwa nayo kwa ukuta wa bati. Chini ya tangi hutoka mpira wa kwanza. Njia hiyo hupenya ukuta wa bati, huingia chumba cha injini, na kufika kwenye pampu. Kutoka katika pampu mpira mwingine hupanda hata kwenye kabureta. Hapo kabureta ina kibomba kifupi cha shaba ambacho mpira huvikwa juu yake.

Zaidi ya hiyo iko mipira ya juu: mpira mnene unaounganisha mdomo wa kujazia petroli na tangi, na mipira myembamba ipitishayo hewa ya tangi. Watu wengi huisahau hiyo, kwa kuwa wanadhani hewa tu haiwezi kudhuru. Lakini hewa ya tangi ni mvuke wa petroli.

Lazima tuangalie mambo matatu katika njia hii. Kwanza, tangi limeinuka juu kuliko pampu. Kwa hiyo hata injini ikizimwa, petroli yaweza kushuka yenyewe kwa uzito wake na kutoka penye ufa. Pili, mpira unapopenya ukuta wa bati, tundu lile huwa na pete ya mpira ya kuulinda. Pete ikianguka, ncha ya bati huanza kuula mpira kidogo kidogo, kwa kila mtikisiko wa barabara. Tatu, kibomba cha shaba cha kabureta kilisukumwa tu ndani ya tundu lake huko kiwandani. Kwa miaka mingi ya joto na mtikisiko chaweza kulegea na kuchomoka, na mpira ukiwa umefungwa vema juu yake. Hapo pampu itaendelea kumwaga petroli juu ya injini yenye moto.

Kombi nyingine hazina kabureta. Zile zilizouzwa Marekani tangu mwaka 1975 zilikuwa na mashine ya umeme ya kuipulizia injini petroli. Katika hizo msukumo wa petroli ni mkubwa mara 10 hivi kuliko ule wa pampu ya kawaida. Ufa ambao katika injini ya kabureta ungetoa tone, katika injini hizo hurusha petroli kama dawa itokavyo katika bomba la kunyunyizia. Mwenye Kombi ya namna hiyo apaswa kujihadhari zaidi.

SABABU ZA MPIRA KUZEEKA

Mpira hauna kutu, lakini unazeeka. Joto la injini huukausha. Gesi ya ozoni iliyomo hewani huupasua ngozi yake. Petroli yenyewe, ipitayo ndani miaka nenda miaka rudi, hunyonya vile vitu vilivyotiwa kiwandani ili mpira uwe laini. Mwisho wake mpira huwa mgumu kama mti mkavu, na ukipindwa hufanya nyufa. Mwingine hufanya kinyume: huvimba na kuwa laini kama uji ulioganda. Yote mawili ni dalili za kifo.

Mipira ya asili ya Kombi ilifunikwa kwa uzi uliofumwa. Kitambaa hicho huuficha ugonjwa. Mwenye motokaa hutazama, huona kitambaa kizima, naye huridhika. Kumbe mpira ulio ndani umekwisha kupasuka kila mahali. Basi usiutazame tu: uminye na kuupinda kidogo kwa vidole, injini ikiwa baridi.

Siku hizi imeongezeka sababu nyingine. Katika nchi nyingi petroli huchanganywa na ethanoli, yaani spiriti itokayo katika miwa au nafaka. Kwetu Kenya petroli ya namna hiyo iliuzwa katika miaka ya 1980, na spiriti yake ilitoka Muhoroni. Nchini Uingereza petroli yenye sehemu hadi 10 za ethanoli katika 100 ikawa ya kawaida tangu Septemba 2021. Mipira iliyotengenezwa zamani haikukusudiwa kwa petroli ya aina hii, nayo huharibika upesi zaidi. Tena ethanoli huvuta unyevu, na unyevu huleta kutu ndani ya tangi na katika mabomba ya chuma.

HARUFU YAKUAMBIA NINI

Harufu ya petroli ndani ya motokaa si tabia ya uzee. Ni habari, na mwenye kuisikiliza vema huambiwa hata mahali palipo na ubovu.

Harufu ikija baada ya kujaza tangi tu, au mnapopanda mlima, au tangi lililojazwa asubuhi ya baridi linapopata joto la mchana, kwanza tazama mipira ya juu, yaani ule wa mdomo wa kujazia na ile ya hewa. Petroli ikipata joto huongezeka, nayo hutafuta njia ya kutokea.

Harufu ikiwa kali asubuhi, baada ya motokaa kusimama usiku, shuku mpira ulio chini ya tangi, kwa kuwa huo hubeba uzito wa petroli saa zote.

Harufu ikija wakati injini inapozunguka, na kupungua ikizimwa, tazama upande wa pili wa pampu, yaani kutoka pampu hata kabureta, pamoja na kile kibomba cha shaba.

Na ukipima oili ya injini ukaona imeongezeka badala ya kupungua, tena inanuka petroli, usiwashe injini. Huenda kiwambo cha pampu kimepasuka, au kabureta imefurika, na petroli inashuka ndani ya injini yenyewe. Oili iliyochanganyika na petroli hailainishi vyuma, nayo yaweza kuwaka.

Petroli hukauka upesi, kwa hiyo pengine hutaona umajimaji. Tafuta alama zake: doa la manjano au la kahawia juu ya chuma, au mahali palipooshwa safi katikati ya vumbi. Pangusa kila kiungo kwa kitambaa cheupe, kisha kitazame na kukinusa. Tumia tochi, tena iwashwe kabla hujafungua chumba cha injini. Mwenye kutafuta petroli inayovuja kwa kiberiti au taa ya chemni atakuwa ameiona, lakini hatapata nafasi ya kuwasimulia wengine.

Iko na hila moja ya harufu ambayo lazima kila dereva aijue. Pua huzoea. Mtu akikaa na harufu kwa muda, haisikii tena, ingawa harufu haikupungua. Kwa hiyo dereva ndiye shahidi mbaya. Abiria akipanda kutoka nje na kusema kwamba pananuka petroli, msadiki, hata akiwa mtoto.

MIPIRA YA RIKA MOJA

Sasa twafika kwenye kosa lifanywalo na wengi. Mtu huona mpira mmoja umepasuka, huubadili huo tu, naye huenda zake akiwa na moyo mkunjufu. Lakini mipira ile yote ilitiwa siku moja, imepata joto moja, imepitisha petroli ile ile. Ni mipira ya rika moja. Mmoja akizeeka, wenzake si vijana. Badili yote pamoja, hata ile inayoonekana mizima, na zaidi ule ulio mahali pagumu chini ya tangi. Huo ndio huachwa mara nyingi, kwa sababu pengine kuufikia ni mpaka injini ishushwe. Basi injini ikishushwa kwa kazi yo yote nyingine, usikubali irudishwe kabla mpira huo haujabadiliwa.

Mafundi wengi wa motokaa hizi hushauri mipira yote ibadiliwe kila baada ya miaka 5 hivi. Penye joto na barabara za vumbi haifai kungoja zaidi. Gharama yake ni ndogo: mita chache za mpira mzuri na vibano vyake hazifiki bei ya kujaza tangi la Kombi mara moja.

Lakini lazima uwe mpira wa petroli hasa. Mpira wa maji haufai, wala ule wa plastiki unaong'aa, ambao hukauka na kuteleza kwenye kiungo. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu petroli huulainisha na kuuharibu. Tazama maandishi yaliyopigwa chapa juu ya mpira. Ule wenye alama ya SAE J30 R9 huvumilia msukumo mkubwa na petroli yenye ethanoli. Kwa Kombi nyingi zenye kabureta tundu la ndani la mpira ni milimita 5, na kwa zile za kupulizia ni milimita 7. Hata hivyo pima bomba lako kwanza, kwani motokaa iliyopita katika mikono mingi yaweza kuwa imebadilishwa vitu vingi.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Kazi hii ifanywe nje, penye upepo, wala si katika gereji iliyofungwa. Zima jiko, taa na friji ya gesi, na ufunge gesi kwenye mtungi wake. Watoto wawe mbali. Mtu asivute sigara, hata akisimama kando, kwa sababu mvuke hutembea. Injini iwe imepoa kabisa.

Fungua kifuniko cha chumba cha injini, ungoje mpaka harufu iishe. Ndipo utoe waya wa betri ulio upande hasi. Usiutoe mvuke ukiwa bado umejaa, kwa maana kuutoa kwaweza kuleta cheche. Ikiwa petroli inatiririka, usiwashe injini ili kuipeleka motokaa mahali pengine. Isukumeni kwa mikono.

Yafaa kazi hii ingoje tangi liwe karibu tupu. Petroli iliyobaki ikingwe katika kopo la chuma lililowekwa juu ya ardhi, kisha ifungwe. Usiikinge katika karai la plastiki, wala usiiweke katika chupa ya soda, kwani mtoto aweza kuinywa. Wala petroli hiyo isitiwe katika taa au jiko la mafuta ya taa, hata kidogo, hata kwa kuchanganywa. Watu wamekwisha kuungua kwa jambo hilo.

KAZI YENYEWE

Toa mpira mmoja, utie mpya, ndipo uende wa pili. Hivyo hutasahau njia yake. Kata mpira kwa kisu kikali ili ncha iwe sawa. Safisha bomba la chuma. Ukiona kutu imelila mpaka likawa na vishimo, libadili, kwani mpira mpya juu ya bomba bovu hauna faida. Sukuma mpira uingie sentimita 2 au zaidi juu ya bomba, kisha ufunge kibano. Tumia kibano cha mviringo chenye kingo laini. Kile chenye meno hukata mpira kinapokazwa, na waya uliosokotwa kwa koleo hukata zaidi. Kaza mpaka kishike, usikaze mpaka mpira ulie.

Tia pete mpya ya mpira katika tundu la ukuta wa bati. Hakikisha kwamba mpira haugusi bomba la moshi, wala mkanda wa feni, wala waya wa mafuta. Chujio la petroli liwekwe karibu na tangi, nje ya chumba cha injini, si kuning'inizwa juu ya distributa. Chujio lililoning'inizwa huuvuta mpira kwa uzito wake, nao mpira hukivuta kile kibomba cha shaba. Kibomba hicho kikiwa kimelegea, mpe fundi akifunge upya kwa njia ya kudumu. Asiridhike kukipiga nyundo kirudi ndani.

Madereva wa njia ndefu hujua kuziba kitundu cha tangi kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Ni kweli sabuni huzuia petroli kwa muda, kwa kuwa haiyeyuki ndani yake upesi. Lakini hiyo ni dawa ya kukufikisha gereji iliyo karibu, si dawa ya kukufikisha Mombasa, wala haifai kwa mpira uliopasuka.

Kazi ikiisha, rudisha waya wa betri mwisho wa yote, harufu ikiwa imekwisha. Washa injini, uiache izunguke kwa dakika 10 huku ukitazama kila kiungo. Pangusa kwa kitambaa cheupe. Tazama tena kesho yake asubuhi, na tena baada ya wiki moja, kwa sababu mpira mpya hukaa chini ya kibano nacho hulegea kidogo. Kisha andika tarehe katika daftari la motokaa. Kumbukumbu ya kichwani haitoshi kwa jambo lihusulo maisha ya watu.

MOTO UKITOKEA

Kila Kombi ya kulala yapasa kuwa na chombo cha kuzimia moto, cha unga mkavu, nacho kiwekwe karibu na mlango. Kisiwekwe nyuma penye injini, kwa maana huko ndiko moto utakakokuwa.

Ukiona moshi au mwali, simamisha motokaa, zima swichi, toa watu wote kwanza. Usirudi kuchukua mizigo. Usikifungue kifuniko cha injini wazi wazi, kwani hewa nyingi huulisha moto. Kiinue kidogo tu, upulize unga ndani. Usimwage maji. Petroli huelea juu ya maji na kuenea nayo. Zaidi ya hayo, mwili wa injini nyingi za Kombi umefanywa kwa madini mepesi ya magnesiamu, nayo yakishika moto huwaka kwa nguvu, na maji huyachochea. Mchanga mkavu ni bora. Moto ukiwa mkubwa, ondokeni wote, mwende mbali.

TUMRUDIE MAMA KAMAU

Tulimwacha Mtito Andei, alfajiri, mkono ukitafuta kiberiti. Salama yake haikutegemea mkono ule. Ilitegemea neno alilolisema jana yake walipopita Emali. Kama Baba Kamau angalisimamisha motokaa pale pale, akazima injini, akashuka na tochi na kitambaa cheupe, angaliuona mpira uliochoka, na safari ingalichelewa nusu siku. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta wa nyumba hujengwa tena.

Kwa hiyo kila mwenye Kombi ya zamani afanye mambo matatu wiki hii. Aulize tarehe ambayo mipira ya petroli ilibadiliwa mara ya mwisho. Kama hakuna ajuaye, aihesabu kuwa ni mizee. Aiminye yote kwa vidole, injini ikiwa baridi. Na mtu wa nyumbani mwake akisema kwamba anasikia harufu ya petroli, asimwambie afungue dirisha. Asimamishe motokaa, aende akatazame.